Kisu au Kungoja?

Mtu ana kansa mwisho wa utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Waganga wamemtibu majuma mengi kwa mionzi na dawa kali. Sasa wanamtazama tena: kidole hakigusi uvimbe, chombo cha kutazamia ndani hakionyeshi kidonda, picha ni safi. Je, wamkate, au wamwache?

Desturi ya zamani ilijibu: mkateni, kwani jicho la mganga halioni kila kitu. Jibu hilo si la kipumbavu. Lakini wako waliotoka hospitali na tundu tumboni na mfuko wa kupokea mavi, wauvae mpaka kufa. Na wengine hupoteza nguvu za ndoa.

Kule São Paulo, katika nchi ya Brazili, mganga mpasuaji Angelita Habr-Gama na wenzake walithubutu kungoja. Mwaka 2004 walitangaza habari za wagonjwa 265. Katika hao, 71 hawakuonekana tena na uvimbe, wakaachwa bila kukatwa. Kwa wawili tu kansa ilirudi palepale utumboni. Wengine walikuwa bado na alama za kutia shaka, wakapasuliwa. Na katika nyama iliyotolewa kwa watu 22 haikupatikana kansa hata kidogo. Tisa kati ya hao 22 walibaki na mfuko wa daima.

Wasomaji, tuwafikiri hao tisa. Mganga akingoja na kansa ikarudi, ndugu watamlaumu: “Mbona hukukata?” Akikata, na karatasi ya maabara ikasema hakuna kansa, watamshukuru: “Ameimaliza yote!” Kidonda kisichohitajiwa hakina mshitaki. Ndiyo maana mganga mwema aweza kukata kwa kuogopa lawama, naye akidhani ni busara.

Lakini wanaosifu kungoja nao wasifanye haraka. Mwaka 2018 zilitangazwa habari za wagonjwa 880 wa nchi mbalimbali walioachwa bila kukatwa: karibu robo yao uvimbe uliota tena katika miaka 2. Ukionwa mapema, mara nyingi huweza kupasuliwa bado. Basi kungoja si kukaa nyumbani. Ni kurudi kila miezi 3 au 4 katika miaka ya kwanza, kwa kidole, kwa chombo na kwa picha.

Kwa hiyo naona haitoshi kumwuliza mgonjwa, “Wataka kukatwa?” Nani atajibu ndiyo? Aulizwe: wakaa mbali gani? Nani atalipa safari zako? Maskini akiambiwa “tungoje” bila njia ya kurudi, hakupewa uhuru wowote. Ametupwa tu kwa maneno mazuri.

Na yuko mwingine atakayesikia yote haya, kisha aseme: “Nikateni, sitaweza kulala kwa kuwaza picha ya mwezi ujao.” Huyo asiitwe mwoga. Apewe siku yake ya kupasuliwa, bila kubembelezwa.