Shida ya Kujitakia

Hivi, shida unayoilipia nauli ni shida kweli? Swali hili lilizuka kijiweni kwetu jioni moja, na mpaka leo halijanitoka.

Tulikuwa tunaongea juu ya kambi ya Teklanika, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Denali, huko Alaska. Kambi iko maili 29 kutoka mwanzo wa barabara ya hifadhi, yaani kama kilometa 47. Watu huenda na magari-nyumba, yale yenye kitanda, jiko na choo humohumo. Lakini ukishaegesha, hakuna umeme wa kuchomeka, hakuna bomba la kuunga kwenye gari, wala karo ya kupokea maji machafu. Unatumia betri yako na tangi lako, na uchafu wako unakaa nao mpaka ukaumwage Riley Creek, mlangoni mwa hifadhi. Tena ukiingia na gari sharti ulale siku tatu au zaidi, na gari halitikisiki mpaka siku ya kuondoka.

Rafiki yangu mmoja alicheka mpaka machozi. "Ati wanalipa ili wakose umeme? Si waje uswahilini kwetu, tuwape bure!"

Tukacheka wote. Mimi mwenyewe nimebeba ndoo kichwani miaka mingi, na sikuwahi kukuta falsafa ndani yake. Nilikuta shingo inayouma tu.

Lakini njiani kurudi nyumbani kicheko kiliniisha. Yule wa Teklanika na mama wa ndoo wote wanahesabu lita. Kinachowatenganisha ni mlango. Mmoja siku ya nne atawasha gari aende zake. Mwingine kesho ataamka alfajiri kupanga foleni. Umaskini ni kukosa mlango wa kutokea. Kwa hiyo anayerudi kutoka porini akasema, "Sasa nimeonja umaskini," jamani, huyo anajidanganya.

Je, basi safari yake ni ya bure? Hapana. Bomba la nyumbani lina tabia ya kuficha: unafungua, yanakuja, unamwaga, yanapotea. Huko porini tangi linasema kweli. Mtu anajua amekunywa kiasi gani, na uchafu wake haujawa mzigo wa mwingine. Hata jenereta inaruhusiwa saa maalumu tu, asubuhi na jioni, kwa kuwa taa yangu ni kelele kwako. Hapo ndipo ninapoona maadili: kujua kipimo chako, na kutomtwisha jirani gharama zako.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mto huohuo wa Teklanika, kuelekea chini nje ya hifadhi, una habari nyingine. Aprili 1992 kijana Mmarekani, Chris McCandless, aliuvuka ukiwa mdogo, akaenda kuishi peke yake ndani ya basi bovu. Julai alitaka kurudi. Akakuta mto umefura, maana kiangazi barafu ya milimani huyeyuka. Hakuwa na ramani nzuri. Akarudi kwenye basi, na Agosti akafa. Alikuwa na miaka 24. Baadaye vijana wengi wakamfanya shujaa, wakafunga safari kwenda kuliona basi lile. Mwaka 2010 na mwaka 2019 wasichana wawili walikufa maji katika mto huo. Juni 2020 basi likaondolewa kwa helikopta.

Simcheki marehemu. Namwelewa mno, na hilo ndilo linalonitisha. Sisi tunaojifunza kuandika tuna ugonjwa huu: tunadhani bila kuteseka hakuna kalamu. Mtu anaacha kula, anakata mawasiliano na nyumbani, ati anatafuta ukweli. Ukweli gani unaotaka mama yako alie?

Kujinyima ni shule, na shule ina kengele ya kurudi nyumbani. Nenda porini, zima taa, pima maji yako. Lakini chukua ramani, na mwambie mtu siku utakayorudi. Ukirudi, usijisifu mbele ya mama wa ndoo. Mpokee ndoo.

Wahenga walishasema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.