Ufagio na Ufunguo

Kuna swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nami naliweka mbele yako, ndugu msomaji, tulipime pamoja. Je, ni haki kumdai mtu atunze kitu ambacho hana kauli juu yake? Wengine wataliona kuwa swali la wanasheria au la wanasiasa. Mimi hulikuta zaidi shuleni, katika mabweni, mabwalo na kumbi ambazo vijana wetu huzifagia kila asubuhi.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakusema tu kwamba wanafunzi washike majembe na mafagio. Hiyo ndiyo sehemu tuliyoikariri. Alisema pia kwamba shule iwe jamii, na kwamba wanafunzi wenyewe wapewe nafasi ya kuamua mengi yahusuyo kazi yao. Alitoa hata mfano wa fedha walizozipata kwa jasho lao: wao waamue kama zitumike kukodi trekta au kwa haja nyingine ya shamba na shule. Fundisho lilikuwa moja lenye pande mbili, nasi tukalikata katikati. Ufagio tukawapa vijana; ufunguo tukabaki nao.

Nitatoa mfano mmoja pasipo kutaja jina. Katika ukanda wetu wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita, ipo shule ya kata iliyojengewa ukumbi kwa fedha za mgodi. Ni ukumbi mzuri, una vigae sakafuni na feni darini. Siku niliyofika pale, wasichana wanne walikuwa wakiudeki. Baada ya kuniamkia niliwauliza kama huwa wanajisomea humo jioni. Walitazamana, kisha mmoja akajibu kwa adabu, "Hapana, mwalimu. Huu ni wa wageni." Hakuwa akilalamika, alikuwa ananieleza utaratibu. Nyuma ya ukumbi bomba lilikuwa likivuja, na dimbwi lilionyesha kwamba halikuanza kuvuja siku ile. Hapakuwa na mwanafunzi aliyeona ni kazi yake kulisemea. Kwa nini aone hivyo? Nyumba ni ya mgeni, na mwenye kuideki hakuulizwa lolote tangu msingi ulipochimbwa.

Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kampuni za uchimbaji hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri. Ni jambo jema. Lakini mezani huketi wakubwa tu, na atakayelala katika bweni hilo hupata habari siku ya kukata utepe.

Watu husema kwamba vijana hawaaminiki, kwamba watavunja na kuiba. Hapo ndipo ninapostaajabu. Tangu shule za kata zilipoenea kwa mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004, wanafunzi wengi wanaotoka vijiji vya mbali wamekuwa wakipanga vyumba karibu na shule, yale tunayoyaita magheto. Binti wa miaka 15 hupewa debe la unga, godoro na kufuli, akaachwa. Huko anapika, anabajeti, anagombana na mwenye nyumba, anafunga mlango usiku na kuomba Mungu asigongewe. Tunajua hatari zinazomkuta. Sababu mojawapo ya kujenga mabweni ni hizo. Mtoto huyohuyo tunayemwachia ufunguo wa chumba cha mtaani, penye hatari halisi, tunamnyima ufunguo wa chumba cha kusomea, palipo na walimu na mlinzi. Kumbe hoja siyo kwamba hawezi. Hoja ni kwamba mali ya mtaani siyo yetu, na ile ya shuleni tunaiona kuwa yetu sisi wakubwa.

Wazee wa Usukumani hawakuwa na mawazo hayo. Vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, waliyemchagua wenyewe, naye ndiye aliyewaita na kuwasimamia katika kazi za pamoja. Kazi ilikuwa nzito, lakini aliyeinama shambani alijua kwamba naye alikuwa na sauti kikaoni. Hata miti imetufundisha somo hilo. Mwaka 1986 serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ardhi ilikuwa imebaki tupu. Kilicholeta mafanikio makubwa ni kurudia ngitili, malisho ya akiba yanayolindwa kwa sheria ambazo wanakijiji hujiwekea, na mvunjaji kupigwa faini na wenzake. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kuwa na miti. Watu ni walewale na ng'ombe ni walewale. Kilichobadilika ni nani aliyetunga sheria.

Pingamizi zito zaidi lipo, nami sitaki kulikwepa. Machi 2001, katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos nchini Kenya, wavulana zaidi ya 60 walikufa bwenini kwa moto, na waliotuhumiwa kuuwasha walikuwa wanafunzi wenzao. Anayesema kwamba kijana anaweza kuteketeza nyumba yake mwenyewe hasemi uongo. Lakini bweni lile lilikuwa na nondo madirishani, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Kufuli halikumzuia mwovu; liliwazuia waliotaka kutoka. Kwa hiyo usalama hautokani na kuwanyima wote ufunguo. Hutokana na kujua ufunguo uko kwa nani usiku huu, na mtu huyo kuwajibika kwa wenzake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi walimu waondoke, wala kwamba mtoto apande paa kuziba bati. Shimo la choo likijaa, kulichimba jingine ni wajibu wa halmashauri na sisi wazazi. Kuwabebesha wanafunzi mzigo huo kwa jina la kujitegemea ni dhuluma. Ninachosema ni kidogo, na kinawezekana kesho asubuhi. Baraza la wanafunzi lichaguliwe kweli, bila majina kuchujwa mpaka wabaki watiifu tu. Lipewe chumba kimoja, daftari la kukabidhiana zamu, ufunguo, na kauli juu ya fedha kidogo za matengenezo. Mwalimu awe mlezi. Bomba likivuja, waamue wao kama wamwite fundi leo au wanunue kwanza balbu, na walio gizani wawaulize waliowachagua.

Mgodi wa Buzwagi, pale Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na ukausimamisha mwaka 2021. Mtoto aliyezaliwa ulipofunguliwa hakuwa amefika hata kidato cha pili. Dhahabu huisha, na wafadhili huenda na magari yao. Kuta hubaki, pamoja na waliozoea kuzifagia. Kama tuliwalea kama vibarua, watazisimamia kama vibarua: watangoja kuambiwa. Na siku tutakapowakabidhi kijiji, kata na wilaya, tusishangae wakiuliza mwenyewe yuko wapi.