Ukubwa wa Duka na Kikomo Chake

Aristotle alishikilia kwamba dola, kama mnyama au chombo, ina kipimo cha ukubwa. Ikikipita, hushindwa kutimiza kazi yake. Hoja hiyo inaweza kupimwa kwa maduka makubwa. Nakumatt ya Kenya, iliyochipuka kutoka biashara ya magodoro mjini Nakuru, ilifungua matawi hadi Uganda, Tanzania na Rwanda huku ikilimbikiza madeni. Wasambazaji walipokosa malipo waliacha kuleta bidhaa, rafu zikabaki tupu, na mwaka 2020 wadai wakaamua ifilisiwe. Huenda kosa lilikuwa kuufanya upanuzi wenyewe kuwa lengo, na kumuuzia mteja mahitaji yake kukawa jambo la pili. Ukubwa hautoshi kueleza anguko hilo: Walmart ya Marekani, yenye maduka zaidi ya 10,000, bado inastawi.