Ndani ya Hema, Hudaibiya

Siku ile Hudaibiya, karibu na Makka, mwaka 628, watu wapatao 1,400 walikaa kitako, hakuna aliyetaka kuinuka. Walikuwa wametoka Madina wamevaa ihramu, wakiswaga ngamia wa kuchinja, shauku yao moja tu: Umra. Sasa wanaambiwa warudi bila hata kuiona Kaaba. Masharti ya mkataba na Makureishi yaliwachoma pia: Mmakka akikimbilia Madina arudishwe kwao, lakini wa Madina akikimbilia Makka asirudishwe. Mtume (s.a.w.) akawaamuru wachinje na wanyoe. Akarudia mara tatu. Kimya.

Akaingia hemani kwa mkewe, Ummu Salama, akamweleza yaliyomsibu. Bibi huyu hakuwalaani waliokaa. Alimshauri mumewe atoke, asiseme na yeyote hata neno moja, achinje ngamia wake, kisha amwite kinyozi. Akafanya hivyohivyo. Watu kumwona, wakainuka wakachinja, wakaanza kunyoana wao kwa wao, na kwa majonzi waliyokuwa nayo nusura waumizane.

Wasimuliaji wengi hukipita kisa hiki mbio, wakiwahi habari za mkataba wenyewe. Inasikitisha, maana mle hemani mliokoka mengi. Yaelekea Ummu Salama aliona kwamba wale hawakuwa wakaidi. Walikuwa bado wakitaraji kuwa amri itabatilishwa. Kisu kikishapita shingoni mwa ngamia, matumaini hayo yamekwisha.

Aliyeona hivyo alikuwa ameyaona mengine mengi. Jina lake hasa ni Hind binti Abi Umayya, wa ukoo wa Makhzum, ila aliitwa kwa jina la mwanawe, kama huku kwetu mtu anavyoitwa Mama Asha hadi jina lake likasahaulika. (Salama wake, tofauti na kina Salama wa pwani, alikuwa mvulana.) Alihamia Uhabeshi na mumewe wa kwanza, Abu Salama, wakarudi Makka. Walipofunga safari ya Madina, jamaa zake wakamzuia. Jamaa za mume nao wakamnyang'anya mtoto, wakavutana naye hadi mkono wa mtoto ukateguka. Mume akaenda zake Madina. Kwa takriban mwaka mzima mama huyu alitoka kila siku hadi bonde la Abtah, akakaa kulia mpaka jioni.

Mwishowe jamaa walimhurumia, wakamrudishia mwanawe. Akapanda ngamia peke yake na mtoto. Huko Tan'im, nje ya Makka, akakutana na Uthman bin Talha, ambaye hakuwa Mwislamu bado, naye akaishika hatamu ya ngamia hadi Kuba, karibu na Madina. Kila kituo alimpigisha ngamia magoti, kisha akajitenga, akalala chini ya mti wa mbali. Ummu Salama hakuacha kumsifu mtu huyo kwa uungwana wake.

Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud, jeraha likaja kumuua. Mjane akawakatalia posa Abu Bakr na Umar. Ilipokuja ya Mtume, alitanguliza kasoro zake mwenyewe: ana wivu, umri umekwenda, ana watoto. Wachumba wangapi husema hayo kabla ya mahari?

Hata alipokuwa mke wa Mtume, hakuacha kuuliza. Alihoji mbona wanawake hawatajwi katika Kurani kama wanavyotajwa wanaume. Wapokezi wanaihusisha hoja hiyo na kushuka kwa aya ya 35 ya Suratul Ahzab, inayowataja waumini wa kiume na wa kike sambamba, sifa baada ya sifa. Hadithi 378 zimepokewa kutoka kwake, na katika wake wa Mtume yeye ndiye aliyefariki wa mwisho.

Mojawapo ya hadithi hizo inaanza akiwa anachanwa nywele. Nje, kutoka kwenye mimbari, Mtume akaita: enyi watu! Ummu Salama akamwambia binti aliyekuwa akimchana amwache. Binti akashangaa: wameitwa wanaume, si wanawake. Akamjibu kwamba naye ni mmoja wa watu, akaenda kusikiliza.