Ulikuwa Unameza Dawa?

Swali la kwanza nililomuuliza baba baada ya kupata kiharusi halikuwa "unasikiaje?" Lilikuwa "ulikuwa unameza dawa?"

Alikuwa amelala wodini, mkono na mguu wa kulia havisogei, mdomo umevutwa upande mmoja, ulimi hautii. Hakuweza kunijibu. Alinitazama tu, kisha akafunga macho. Mimi nikachukulia kule kufunga macho kama jibu. Nikatoka kwenye korido nikampigia shangazi, nikamwambia, "Hakuwa anameza." Shangazi akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi alijiletea."

Alijiletea. Hilo neno tunalijua sote. Tunalisikia kwenye matanga, kwenye grupu za WhatsApp za familia, kwenye foleni ya duka la dawa. Msee alikuwa anakula nyama kila siku, alijiletea. Mama alikuwa mnene, alijiletea. Mzee alipewa dawa akaacha, alijiletea. Nimekaa na neno hilo tangu 2021, na siku hizi najiuliza kama ni neno la haki. Kwani tunaweza kumlaumu mtu kwa kiharusi chake?

Tuanze na mwili wenyewe. Moyo ukipiga, damu husukuma kuta za mishipa. Hiyo nguvu ndiyo presha. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo unabana, ya chini ni wakati unapumzika. Presha ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa huwa nene na ngumu, na huharibika ndani kwa ndani. Kisha siku moja donge la damu linaziba mshipa unaolisha ubongo, au mshipa unapasuka damu ikamwagika. Kabla ya siku hiyo, wengi hawasikii kitu. Hakuna homa wala kidonda. Shuleni tuliambiwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa si mgonjwa anayeficha. Maradhi ndiyo yanayojificha, na mwenye mwili ndiye wa mwisho kuambiwa.

Lawama yoyote ya haki ina masharti mawili, hata ile ya mtaani. Mtu awe alijua, na awe aliweza. Mtoto akirudi nyuma akaangusha glasi ambayo hakuiona, hatufai kumchapa. Akiiona na mikono yake imefungwa, pia hatufai.

Mfikirie Franklin Roosevelt, rais wa Marekani. Alikufa tarehe 12 Aprili 1945 akiwa na miaka 63, kwa damu kumwagika kwenye ubongo. Presha yake siku hiyo ilipimwa ikawa 300 kwa 190. Ilikuwa imepanda kwa miaka kadhaa, na alikuwa na madaktari waliomzunguka kila siku. Lakini dawa nzuri ya presha haikuwepo. Isitoshe, madaktari wengi wa enzi hizo waliamini kwamba presha kupanda na umri ni jambo la kawaida, labda hata mwili unaihitaji. Mtu mwenye nguvu kuliko karibu kila mtu duniani hakuweza. Hakuna anayesema Roosevelt alijiletea.

Ujuzi ulikuja baadaye, polepole. Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji mdogo wa Framingham, Massachusetts, kuona ni nani atakayeugua moyo na kwa nini. Ikaonekana kwamba presha ya juu haikuwa mapambo ya uzee. Ilitangulia magonjwa ya moyo na kiharusi. Mwaka 1967, kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Edward Freis, likifanya kazi na wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye presha ya juu sana, lilionyesha kwamba waliomeza dawa halisi walipata madhara makubwa machache mno kuliko waliomeza vidonge visivyo na dawa ndani. Mwaka 1991 ukaja utafiti wa wazee 4,736 wa miaka 60 na zaidi. Kwa wale waliopewa dawa, kiharusi kilipungua kwa asilimia 36.

Kwa hiyo sasa tunajua, na tunaweza. Lakini hiyo "tu" ni ya nani? Utafiti wa kitaifa wa 2015 hapa Kenya ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja maishani. Wakati huohuo, karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Hao ambao hawajawahi kufungwa kile kitambaa kwenye mkono, sharti la kwanza la lawama tayari limewakosa. Hawakujua.

Ningeweza kuishia hapa, lakini nitakuwa nadanganya. Baba alijua. Alipimwa kwenye kambi ya bure ya kanisa, akaambiwa 170 kwa 100, akapewa dawa za mwezi mmoja. Zilipoisha akarudi kliniki, akaambiwa dawa hakuna, anunue nje. Akanunua miezi kadhaa. Halafu akaacha. Alikuwa anajisikia poa, na kidonge cha kila siku kwa mtu anayejisikia poa ni kama kulipia mlinzi wa nyumba ambayo haijawahi kuibiwa. Mwaka huo pia nilikuwa natafuta karo ya mwisho ya chuo. Sitaki kusema kwamba hela za dawa ndizo zilizolipa karo. Baba mwenyewe hajawahi kusema hivyo. Nasema tu kwamba zilitoka mfuko mmoja.

Basi alijua, na kwa kiasi fulani aliweza. Je, hapo lawama inakaa?

Aliyenisumbua akili kwenye swali hili ni daktari Mwingereza aliyeitwa Geoffrey Rose. Mwaka 1985 aliandika makala ambayo ndani yake aliweka picha mbili za presha upande kwa upande: moja ya wafugaji wa kuhamahama wa Kenya, nyingine ya watumishi wa serikali wa London, wote wanaume wa umri wa kati. Ukiwaangalia watumishi wa London peke yao, utaona wengine wana presha ya juu na wengine ya chini, na utauliza: kwa nini huyu na si yule? Utapata majibu. Huyu amerithi, yule ni mnene. Lakini ukiziweka picha mbili pamoja, unaona kitu kingine. Kundi zima la London limesogea juu. Mtu wa kawaida kabisa wa London, ambaye daktari wake angemwambia uko sawa, ana presha ambayo kwa wafugaji ingeonekana ni ya juu.

Rose akasema haya ni maswali mawili tofauti. Kuna "kwa nini mtu huyu anaugua?" na kuna "kwa nini watu hawa wanaugua?" Jibu la moja si jibu la lingine. Ukiuliza la kwanza pekee, kile ambacho kila mtu anakula na kukiishi hakitaonekana kamwe, kwa sababu wote wamo ndani yake.

Na Rose huyohuyo alikuwa mmoja wa watafiti waliokuja kuuliza swali la pili hapa kwetu. Miaka ya 1980, yeye na wenzake, Wakenya na Waingereza, walifuatilia vijana Waluo waliokuwa wanatoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi kutafuta maisha, kwa muda wa hadi miaka 2. Wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa 1990. Presha ya waliohama ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, na tofauti ilionekana mapema tu baada ya kufika. Haikuwa kwamba wachache walioshindwa na mji ndio walipandisha hesabu. Kundi lote lilisogea, kama wale wa London. Mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi na potasiamu kidogo, ile inayopatikana kwenye mboga, matunda na maharagwe. Uzito ulikuwa umeongezeka. Hata mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi.

Baba alikuja Nairobi 1984, akiwa na miaka 21, na sanduku moja la bati. Hakuwa kwenye utafiti ule, lakini ni kizazi chake kilichokuwa kinapimwa. Nyumbani alikuwa amezoea samaki, mboga za kienyeji, viazi vitamu, na kutembea kilomita nyingi. Hapa akapata mkate na chai asubuhi, vibanzi mchana kwa sababu ndicho chakula cha haraka, kazi ya kukaa na usingizi wa saa tano. Hakuna siku aliyoamka akaamua kupandisha presha. Aliamua kutafuta kazi. Presha ilikuja na hiyo package ya mji, kama vumbi.

Binamu yangu nilipomweleza haya alinikatiza. "Sawa, lakini si kila aliyekuja Nairobi 1984 alipata kiharusi. Wengine walimeza dawa." Ana haki. Na kuna hatari kwenye hoja yangu: nikisema ni mji, ni chumvi, ni serikali, nitakuwa nimemfanya baba kuwa jani linalobebwa na mto. Yeye si jani. Kumwondolea mtu lawama yote ni kumwondolea pia heshima ya kuwa mtu anayechagua. Baba mwenyewe angekataa.

Ila binamu, bila kujua, amerudi kwenye swali la kwanza: kwa nini huyu? Na hata hapo mstari wa lawama hauko wazi kama tunavyodhani. Tunasema presha ni kuanzia 140 kwa 90, kana kwamba kuna ukuta. Mwaka 2002 uchambuzi wa tafiti 61, wenye watu wazima milioni moja, ulionyesha kwamba hatari ya kufa kwa kiharusi inaanza kupanda chini kabisa ya hapo, kutoka takriban 115 kwa 75. Kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kila nyongeza ya 20 kwenye namba ya juu ilienda na hatari ya zaidi ya mara mbili. Ni mteremko usio na ukuta. Na kwa kuwa walio katikati ya mteremko ni wengi kuliko walio juu kabisa, viharusi vingi vinatoka kwa watu walioambiwa hawana neno. Hao nao walijiletea?

Nadhani kosa letu ni kuchanganya vitu viwili, lawama na wajibu. Lawama inaangalia nyuma: nani alifanya? Wajibu unaangalia mbele: nani atafanya? Unaweza kuwa na wajibu juu ya jambo ambalo hukulisababisha. Mtoto wa jirani akianguka kwenye mtaro, hutaulizia kwanza nani aliacha mtaro wazi. Unamtoa. Halafu, na hili ni muhimu, unarudi kuuliza kuhusu mtaro.

Uingereza walirudi kuuliza kuhusu mtaro. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watengenezaji wa vyakula walisukumwa kupunguza chumvi kidogo kidogo kwenye mkate na vyakula vya paketi. Kufikia 2011 chumvi aliyokula mtu wa kawaida ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 15. Waingereza hawakuwa wamekuwa wema zaidi. Mkate ndio uliobadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Hebu jaribu kuhesabu yako ukiwa unakula nje, kibandani, na chumvi tayari iko ndani ya chakula kabla hujaigusa chupa.

Na mtaro wetu una dawa ambazo hazipo kliniki. Una kijana anayejua bei ya kila simu mpya lakini hajui namba mbili za presha yake. Una familia inayouliza "ulikuwa unameza?" mara moja tu, siku ambayo jibu halisaidii tena. Miaka miwili nzima kabla ya kiharusi nilikaa nyumba moja na baba. Sikuwahi kumuuliza. Kama lawama ni mzigo wa kugawana, basi fungu langu lipo. Labda ndiyo maana nilikimbia kumpigia shangazi. Neno "alijiletea" halikuwa la kumpima baba. Lilikuwa la kunitoa mimi.

Sasa baba anatembea kwa fimbo na maneno yamerudi, ingawa anayatafuta. Kila jioni naweka kidonge na glasi ya maji mezani, na siulizi kitu. Tulinunua mashine ya kupimia presha, tunaiweka juu ya kabati karibu na redio. Mwezi uliopita, baada ya kujipima, alinisukumia mimi ile mashine kwa mkono wa kushoto. Nikakataa. Nina miaka 26, nikamwambia. Akaendelea kuisukuma. Nikafunga kitambaa, nikatulia, mashine ikavimba ikalegea.

"Ngapi?" akauliza.

"138 kwa 88."

Hakuniuliza nimekuwa nikila nini. Alikaa akitafuta neno, mdomo ule unaovutwa bado kidogo upande mmoja, kisha akalipata. "Kesho," akasema, "tutapima tena."