Chungu cha Bibi

Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Mwaka 1990 profesa mmoja wa Italia alikitambua, na mazungumzo yakaanza. Kilirudi mwaka 2010, tena kwa maandishi kikiitwa zawadi! Neno hilo lilinichekesha.

Walionunua walisema walinunua kwa nia njema. Mimi nawaamini. Asiyejua hawezi kuitwa mwizi. Lakini, ndugu msomaji, siku alipopata habari amekuwa nani? Na ile miaka 20 tuihesabu kwa jina gani?

Nauliza nikiwa na deni langu. Nilipokuwa mwalimu mkuu katika shule moja ya mwambao huu wa Ziwa Nyasa, niliwaagiza watoto walete vifaa vya zamani tuvipange ofisini. Mvulana mmoja akaleta chungu cha Wakisi, chembamba, ukikigonga kinalia kama kengele. Baada ya wiki mbili bibi yake akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata chungu cha mama yangu. Mtoto alikichukua bila kuniambia."

Nikamjibu kwa ule upole wa ofisini kwamba shuleni kiko salama, nyumbani kingevunjika.

"Kikivunjika," akasema, "si kitakuwa kimevunjika kwangu?"

Sikuwa na jibu, ila nilikuwa na kabati lenye kufuli. Akaenda zake. Nilipohamishwa nilikifunga katika sanduku langu, nikijiambia kuwa mwalimu mpya hatakithamini. Kumbe hata ile hoja ya shule niliiacha pale pale, nikabaki na chungu.

Bibi alifariki zamani. Mjukuu wake sasa ana mvi, anavua usipa hapa Lupingu, na kila asubuhi hunipa shikamoo yangu. Mwezi uliopita nilimpelekea chungu nikamweleza yote. Alikigeuza geuza, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Si changu, mwalimu," akasema. "Vyungu vya bibi ni vya dada zangu, nao wako watatu. Mkubwa yuko Makambako."

Akanirudishia. Nimemtumia dada huyo salamu mara mbili, na chungu kiko mezani kwangu, nimekizungushia kanga.