Safari ya Mwili na Vituo Vyake

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa azimio ni namna ya ahadi, na ahadi hupimwa kwa kutimizwa, si kwa ukubwa wa maneno yake.

Ndugu zetu wengi wa pwani wamehamia Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016. Mtu ambaye kwao alikuwa akienda sokoni na msikitini kwa miguu, sasa hukaa kitini mchana kutwa, huchukuliwa na gari asubuhi na jioni, na usiku hula chakula cha watu wawili. Akipanda mizani akaona kilo 100, hushikwa na hofu, akaapa mbele ya wenziwe kuwa mwezi ujao atakuwa na kilo 80. Siku ya kwanza hukimbia mpaka magoti yakavimba. Siku ya nne haamki. Mwezi ukiisha huona haya hata kuanza tena.

Je, azimio hilo ni himma au ni ghururi? Sisi twasema ni ghururi. Mwenye himma hutazama kazi. Mwenye ghururi hutazama macho ya watu.

Wazee wetu waliopita nchi hiyo kwa misafara katika karne ya 19 walilijua neno hili. Pagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yapata kilo 32, na safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilikwenda kituo kwa kituo. Walipofika Marenga Mkali, nyika isiyo na maji kabla ya Ugogo, waliterekeza: waliondoka mchana na maji yao, wakalala njiani, wakaimaliza nyika asubuhi yake. Hawakuidharau wala hawakuiogopa; waliipima, kisha wakaigawa.

Na elimu ya leo yasadikisha. Huko Marekani, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata ugonjwa wa sukari waliwekewa lengo la kupunguza sehemu 7 katika 100 za uzito wao, na kujizoeza kwa dakika 150 kila juma, kama vile kutembea kwa haraka. Ugonjwa ulipungua kwao kwa sehemu 58 katika 100, ukilinganisha na wasiopewa njia hiyo. Basi kwa mwenye kilo 100, lengo ni kilo 7, si 20. Akipunguza nusu kilo kwa juma, atafika kwa majuma 14.

Huenda mtu akasema: lengo dogo ni kisingizio cha mvivu. Jawabu ni kuwa mvivu hupenda lengo kubwa, kwani kulishindwa si aibu. Lakini nani atakayetoa udhuru kwa kutotembea nusu saa baada ya sala ya alfajiri, kabla jua la Dodoma halijawa kali? Au kwa kutoacha pakuli la pili la wali? Lengo dogo humhukumu mtu kila siku.

Na dini yetu yatufundisha kupenda tendo dogo lidumulo. Mwili ni amana, na wako wake na watoto wautegemeao. Mwenye maradhi na amwulize tabibu kwanza; mwenye afya na aanze kesho, kituo kimoja.

Wallahu aalam.